Afande Aliyesema Hakusikia

Habari ya kifo chake ilinikuta juu ya ngazi, nikipanga majora ya hariri kwenye rafu za juu dukani, Bur Dubai. Simu ilitetemeka mfukoni nikaiacha, ikatetemeka tena, nikashuka. Katika kundi letu la simu, lile la Waswahili wa hapa, Mganda mmoja anayelinda maghala kule Dubai Investments Park alikuwa ameandika kwa ufupi: Afande ametutoka. Lori lilikuwa likirudi nyuma uani asubuhi hii, likamponda. Hakulisikia. Chini ya maneno hayo zilifuata pole, na mikono ya kuombea, na pole nyingine. Kisha mtu mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja na ambaye naamini hakuwa na nia mbaya, akaandika methali: sikio la kufa halisikii dawa. Nilikaa chini juu ya jora la kitambaa nikaisoma tena na tena. Wateja waliingia, wakashika vitambaa, wakatoka.

Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiandika mambo madogo ya maisha yetu ya huku: kodi za vyumba, ugomvi wa Mkenya na Mtanzania juu ya lugha, harusi zinazofungwa kwa video. Leo naandika kwa ajili ya methali ile. Methali ile humsema mtu aliyeonywa akapuuza. Marehemu hakupuuza lolote. Alijionya mwenyewe, tena mbele ya mkubwa wake, nami nilikuwepo nikasikia kwa masikio yangu haya mazima.

Tulimwita Afande kwa sababu alikuwa afande kweli. Alizaliwa nyanda za juu za Kenya, akaingia polisi akiwa kijana, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika uwanja wa shabaha akiwafundisha makuruti kupiga bunduki. Alipostaafu alikuja huku kama wengi wetu. Alianza kwa kusimama mlangoni katika mnara mmoja wa ofisi pale Jumeirah Lake Towers, ndani ya koti lililombana mabega, akiwafungulia mlango watu wasiomtazama. Mmoja wa watu hao siku moja alimtazama, wakazungumza, ikajulikana huyu mlinzi ni nani. Mtu yule alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Haukupita muda mrefu, Afande akawa msimamizi wa uwanja katika klabu hiyo: ndiye anayesimama begani mwa mpigaji, ndiye anayetoa amri ya kujaza risasi na amri ya kuacha. Aliniambia kwamba siku aliyovaa fulana ile nyekundu ya usimamizi alimpigia mkewe simu ya picha, akasimama mbali na simu ili aonekane mzima.

Mimi nilimfahamu kupitia kwa madam wangu. Yeye ni Mhindi wa Unguja, aliyeletwa huku kama bibi harusi, na Kiunguja chake hakijapata kuchuja. Mumewe alipofariki, na wanawe wakiwa mbali, alimaliza eda yake kimya kimya, kisha asubuhi moja akatuambia wafanyakazi kwamba amejiandikisha kujifunza rivolva, yaani ile bastola ya kizamani yenye silinda inayozunguka. Tulidhani ni utani wa majonzi. Wiki hiyo hiyo nikajikuta namfuata nyuma nimebeba mkoba wake, tukipita milango miwili mizito, tukitokea kwenye uwanja wenye kuta za mchanga uliorundikwa juu kuliko nyumba.

"Nani huyu?" Afande aliuliza kwa sauti ya gwaride, akininyooshea kidevu.

"Huyu karani wangu," madam akajibu. "Kaja kunibebea mkoba tu."

"Madam, hapa hakuna mtu wa kubeba mkoba tu. Akipita hiyo mlango ni lazima ajue. Njoo hapa, ndugu yangu, simama. Sikia. Kila bunduki iko na risasi, hata hii nimekuonyesha sasa hivi kwamba haina. Mdomo wa bunduki hauangalii kitu hutaki kuharibu. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka macho yakubaliane na shabaha. Na ujue nyuma ya hiyo shabaha kuna nini. Rudia."

Nikarudia, nikikosea mpangilio. Akanirudisha mwanzo. Madam alicheka mpaka akajishika ubavu, na zamu yake ilipofika naye akakosea, naye akarudishwa mwanzo vile vile. Hakuwa na uso mmoja kwa mwenye duka na mwingine kwa karani.

Watu wengi klabuni walipenda bastola za kisasa, zinazobeba risasi nyingi na kujipakia zenyewe. Afande alipenda rivolva, na madam akaipenda kwa sababu yake. Kifyatulio chake ni kirefu na kizito, maana kidole hicho hicho ndicho kinachozungusha silinda, kinachoinua nyundo na kinachoiachia. Anayekivuta kwa pupa hutikisa bastola nzima na risasi humwendea kando. Afande alikuwa akiweka sarafu juu ya mtutu wa bastola tupu, karibu na kile kinundu cha mbele cha kulengea, kisha akimwambia madam avute mfululizo bila kuiangusha. Sarafu ilianguka kwa majuma mengi. Kisha siku moja haikuanguka, na yule mama akatabasamu kama tulivyokuwa tumemzoea kabla ya msiba.

Alimfundisha pia mahali pa kuweka vidole gumba. Kati ya silinda na mtutu mna mwanya mwembamba, na risasi inapotoka, moto na chembe za risasi huchupa kutoka pale kwa pande zote mbili. Badala ya kueleza sana, alichukua kipande cha kadi ya karatasi ngumu, akakishikiza kando ya mwanya ule kwa kibanio, akafyatua mara moja. Kadi ikakatika kama iliyopitiwa na wembe wa moto, kingo zake nyeusi. Akampa madam ashike. "Hicho kilikuwa kidole chako," akasema. Na alipomfundisha kubadilisha risasi, kufungua silinda, kuinua mdomo juu, kupiga kijiti cha kutolea maganda kwa kiganja, kushusha mdomo na kutia zile risasi sita zilizopangwa kwenye duara kwa mpigo mmoja, alimkataza haraka. "Mkono ukikimbia, madam, unafika kabla ya akili. Na hapa akili ndiyo inafaa kufika kwanza."

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na kaburi nyuma yake. Nililijua hilo siku mgeni mmoja wa klabu, mtu wa heshima zake, alipogeuka na bastola mkononi ili mwenzake ampige picha. Sikumwona Afande akitembea. Nilimwona tu ameshafika, ameushika mkono wa yule mgeni na kuugandamiza kuelekea kwenye ukuta wa mchanga, ameichukua bastola, ameifungua. Akamwambia atoke. Mgeni akafoka, akauliza kama anajua anasema na nani. "Sijui," Afande akajibu, "na risasi pia haijui." Mgeni alitoka. Baadaye nilimkuta Afande nyuma ya chumba cha silaha ameketi juu ya kreti. Akaniambia kwamba zamani, kwenye mafunzo, kuruti mmoja aligeuka na bunduki ili amuulize swali. Bunduki ilitangulia kulia, swali lenyewe hakulisikia. Kuruti aliyekuwa upande wa pili alizikwa kwao Jumamosi iliyofuata, na Afande ndiye aliyepelekwa kusimama mbele ya wazazi. "Alitaka kuuliza kitu kidogo tu," akasema. "Mpaka leo sijui ni nini."

Siku hiyo ndiyo aliyonieleza jinsi walivyokuwa wakifundisha. Uwanja wao ulikuwa bonde lenye mawe kila upande, mlio ukitoka unagonga mawe na kurudi. Viziba masikio havikuwepo. Waliokuwa na akili walichomeka maganda matupu ya risasi masikioni, au pamba, na walimu wenzake wakawacheka, wakawaita maharusi. Yeye hakutaka kuchekwa. Asubuhi kwa asubuhi, darasa kwa darasa, mwaka baada ya mwaka, alisimama begani mwa makuruti na masikio wazi. Hayo alinisimulia kama mtu anayesimulia ubishi wa ujana. Sikuona ndani yake zaidi ya hapo, wala yeye hakusema zaidi.

Tulidhani sauti yake kubwa ni desturi ya polisi. Hata tulipokunywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, kwenye kibanda, aliagiza kama anayeamuru gwaride ligeuke kulia, na muuza chai, Mmalayali wa Kerala kule India, alikuwa akimpigia saluti kwa kijiko. Ukisema naye alikutazama mdomoni, na madam alimsifu kwa hilo: "Huyu ana adabu, umemwona? Ukinena naye anakutazama, si kama hawa vijana na simu zao." Uwanjani alivaa vile vifunika masikio vya umeme vinavyozuia mlio wa risasi na kukuza sauti ya mtu, na nadhani kwa muda mrefu ndivyo vilivyomficha, pengine hata kwake yeye mwenyewe. Uziwi haubishi hodi. Huondoa kwanza sauti za ndege, kisha za watoto, na mwenye masikio hudhani ni dunia iliyonyamaza.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Klabu iliandaa mashindano ya wanachama, na madam akaingia katika kundi la rivolva. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, joto likianza kupanda, watu wamevaa kofia, miwani ya kinga na viziba masikio. Nilisimama nyuma ya mstari wa watazamaji na mkoba wangu. Afande alikuwa begani mwa madam, ameshika kile kipima muda kinachotoa mlio wa kuanzia. Katika uwanja wa jirani, nyuma ya ukuta wa mchanga, mtu mwingine alikuwa akishindana kwa bastola ya kisasa na milio yake ilifuatana bila kupumua. Afande akaamuru madam ajaze na ajiandae. Akamuuliza kama yuko tayari. Madam akaitikia kwa kichwa. Mlio ukalia, mkono wa madam ukatoka na bastola, na shabaha za bamba zikaanza kuanguka. Alikuwa akipiga vizuri kuliko nilivyopata kumwona. Alibadilisha risasi kama alivyofundishwa, mdomo juu, kiganja, mdomo chini, akaendelea.

Kisha nikasikia kitu kidogo. Katikati ya milio ile mikubwa ilitoka sauti duni, puu, kama mtu anayetema kokwa ya tende. Sikujua maana yake. Madam alivuta tena, na safari hii kishindo kilikuwa kibaya, kipana, na bastola ikaruka upande. Alisimama akiitazama mikono yake. Damu ilikuwa ikishuka kwenye kiwiko cha kushoto.

Wajuzi waliniambia baadaye kwamba ile sauti duni huitwa risasi bubu. Hutokea pale ganda linapokuwa na baruti pungufu: risasi hutoka kwenye silinda ikakwama ndani ya mtutu. Bastola ya kisasa mara nyingi hukwama yenyewe hapo, ikamlazimu mpigaji kusimama. Rivolva haikwami. Silinda huzungushwa na kidole, na kidole cha mshindani kiko mbioni, masikio yake yamezibwa, macho yake yako kwenye shabaha inayofuata. Mtu aliyebaki wa kuokoa ni msimamizi. Kazi yake pale ni kusikiliza, na akiisikia sauti ile duni apige kelele ya kusimamisha kabla kidole hakijavuta tena. La sivyo, risasi ya pili huikuta ya kwanza imeziba njia. Mtutu ule ulipasuka karibu na shina lake. Kipande kimoja kiligonga miwani ya madam na kuiachia ufa, mbele ya jicho hasa. Kingine kilimkata gumba la kushoto hadi mfupani.

Afande alifanya kila kinachotakiwa kufanywa. Aliushika mkono wa kulia wa madam, akaitoa bastola, mdomo ukielekea mchangani muda wote, akaifungua, akaiweka mezani. Akamketisha madam chini, akamfunga mkono kwa bandeji akiuinua juu ya moyo, akisema naye kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ndogo. Gari la wagonjwa likaja, likamchukua. Nami nilipokuwa nikikimbilia teksi nimfuate, Afande akanishika bega.

"Ndugu yangu. Ulikuwa hapa nyuma. Ulisikia kitu kabla ya hiyo?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Kitu kidogo. Kama mtu anayetema kokwa."

Alinitazama mdomoni, kisha machoni. "Wewe ulikuwa hapo nyuma," akasema, "na ulisikia." Akatazama alama za viatu vyake kwenye mchanga, pale alipokuwa amesimama, ambapo angeweza kunyoosha mkono akaigusa bastola.

Mchana huo, madam akiwa ameshashonwa na amelala, niliitwa ofisini kwa meneja wa klabu kwa kuwa nilishuhudia. Meneja alikuwa mtu mpole, Mzungu mwenye umri wa mwanangu, na sote tulimwita sir. Alikwisha kufikia uamuzi wake. Kwa Kiingereza cha taratibu alituambia kwamba kosa ni la risasi, shehena yote itarudishwa kwa aliyeiuza, klabu italipia matibabu, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Akagonga meza kidogo kwa vidole. "Khalas," akasema, yaani yamekwisha, kwa lile neno ambalo kila mgeni hujifunza hapa mwanzo.

"Si khalas, sir," Afande akasema. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. "Ile risasi ilitoa sauti. Huyu ameisikia akiwa mbali. Mimi nilikuwa karibu. Sikusikia."

Meneja akasema palikuwa na kelele, uwanja wa jirani ulikuwa ukipigwa, yeyote angeweza kukosa kuisikia.

"Huyu hakukosa, sir. Masikio yangu yamekwisha. Nafikiri yamekwisha kitambo na nimekuwa nikijidanganya."

"Unajua unachokisema?" meneja akauliza. "Unajua maana yake kwa kazi hii?"

"Najua."

Meneja aliinuka. Akazunguka meza yake, akatembea mpaka nyuma ya Afande kama anayekwenda kufunga mlango, na akiwa pale, kwa sauti ya kawaida ambayo mimi niliisikia sawasawa nikiwa upande wa pili wa chumba, akamwita kwa jina lake. Afande aliendelea kutazama mbele. Meneja akamwita tena. Afande akaendelea kutazama mbele, kwenye kiti kitupu, akingoja kujibiwa. Meneja akaniangalia. Ule uso wake sijausahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenziwe uchi. Akarudi mbele, akampa mkono, akamwambia kwamba hajapata kuona uaminifu wa namna ile.

Nami nasema hakuwa akimdanganya. Wiki iliyofuata wanachama walikusanywa, wakaambiwa aliyoyafanya, wakasimama wakampigia makofi. Akapewa kibao cha kioo chenye jina lake. Kisha, kwa kuwa msimamizi asiyesikia hawezi kusimamia, na kwa kuwa kazi nyingine ya kumpa haikuonekana, kazi yake ikafikia mwisho na viza yake ikaanza kuhesabiwa siku. Chumba cha silaha kilihitaji mtu. Mapokezi yalihitaji mtu. Darasa la wanaoanza, ambako hufundishwa kwa bastola tupu na sarafu, lilihitaji mtu. Hakuna aliyemchukia kiasi cha kumnyima. Ni kwamba hakuna aliyekaa chini akafikiri. Walikwisha kupiga makofi, na makofi yana namna ya kuwafanya watu wahisi wamemaliza kazi.

Madam alimwita dukani, mkono wake ukiwa bado umefungwa. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akamwambia aje afanye kazi kwake, viza atashughulikia yeye.

"Madam, asante," akasema. "Lakini hapana."

"Hapana nini? Mie nakulaumu? Nimekulaumu mie hata siku moja?"

"Hujanilaumu. Hiyo ndiyo siwezi. Nitakuwa naona hicho kidole kila siku unakata kitambaa."

"Kidole changu, si chako. Hebu wacha maneno hayo, Afande, njoo kazini."

Aliinamisha kichwa, akanywa chai yake mpaka ikaisha, akashukuru tena kwa ile sauti yake kubwa hata wateja wakageuka, akaondoka. Baadaye tulisikia amepata kazi ya ulinzi kwenye maghala Dubai Investments Park. Nilizungumza naye mara chache kwa ujumbe wa maandishi, maana simu ilikuwa imeshaanza kumtesa. Aliniandikia kwamba kazi si mbaya, kwamba analala katika majengo ya wafanyakazi hapo hapo, na kwamba kile kibao cha kioo amemtumia mkewe.

Yaliyobaki nimeyapata kwa yule Mganda, siku tulipokwenda kumuaga kabla ya mwili kusafirishwa. Tulikuwa wachache ndani ya chumba baridi cha maiti. Wakenya wenziwe waliimba wimbo wa kikwao, mchungaji akaomba, mimi na madam tukasimama nyuma na dua zetu. Jeneza lilikuwa limefungwa. Mganda akanivuta pembeni, akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Siku ya kwanza ya kazi, Afande alimwambia msimamizi wa pale mbele ya walinzi wote, "Sir, mimi sisikii vizuri, niweke mahali hakuna gari." Msimamizi akacheka kirafiki tu, akamwambia, yalla, haya nenda kazini, hapa hatupigi muziki, mlango hauhitaji masikio. Akapangwa uani, kwenye njia ya malori. Asubuhi ile aliinama kuokota koni ya njiani iliyokuwa imeangushwa. Lori lilikuwa likirudi nyuma likipiga ule mlio wake wa kuonya, bip, bip, na dereva, akijua kwamba mlio unalia, akaamini kwamba njia ni nyeupe. Dereva huyo, akasema Mganda, ni kijana wa Kipathani kutoka Pakistani, na hajala tangu siku ile.

"Nasi tulipiga kelele," akaongeza. "Sote. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka."

Madam alilisogelea jeneza. Gumba lake la kushoto halikunjiki tena, limebaki limenyooka kama la mtu anayeonyesha njia. Akaliweka juu ya ubao. "Nilimwambia njoo," akasema, hakumwambia mtu. "Nilimwambia, kakataa, nami nikaona haya kumshika mkono."

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika methali, nakurudishia. Kuna nyingine ya wahenga wetu inayomfaa zaidi marehemu: msema kweli hana wajoli, yaani hana marafiki. Lakini hata hiyo haitoshi, maana Afande alikuwa na wajoli tele. Walimpenda. Klabu ilimpigia makofi, msimamizi wa maghala alicheka naye, sisi tulimsifu kwenye kibanda cha chai kwamba huyo ndiye mwanamume. Mara mbili alisema ukweli ambao mtu wa viza huumeza, mara mbili aliowaambia walimsikia vizuri kabisa. Kilichokosekana kilikuwa hatua moja baada ya kusikia. Huku tuliko, mwili ndio mkataba wetu. Mgongo ukiuma tunaficha, macho yakififia tunaficha, moyo ukienda mbio tunapanda ngazi polepole na kusema ni joto. Tunaficha kwa sababu tumeona yanayowapata wasioficha. Kila mtu anayemwona msema kweli akitolewa nje kwa heshima, na kibao mkononi, hujifunza kunyamaza, na siku moja kimya chake kitamkata mtu mwingine kidole, au kitafanya kubwa kuliko hilo.

Mganda ananiambia kwamba siku hizi pale uani pamewekwa mtu mwenye bendera, anayetembea nyuma ya kila lori linaporudi. Ni jambo jema, na lilikuwa jambo jepesi siku ile Afande alipoomba.

Basi nawaombeni, nyinyi mnaosimamia wenzenu, na nyinyi mnaolala nao chumba kimoja: mtu akikwambia kuna kiungo kimemshinda, amekupa kitu kizito kuliko siri. Usimsifu ukaishia hapo. Muulize kesho atasimama wapi, kisha nenda ukapatazame mahali penyewe kwa macho yako, mbele na nyuma.